Simu Yangu, Paswedi Anayo Jamaa wa Steshenari

Bariadi hapa, ukitaka kujua mwana ana mshiko au kafulia, achana na viatu. Angalia simu, halafu angalia tupo mwezi gani. Kuanzia Juni, pamba ikishapimwa AMCOS na malipo yakianza kutoka, maduka ya simu ya karibu na stendi yanafungulia spika mpaka mabati yanalia. Masela wanashuka kutoka Dutwa, wanatoka Lagangabilili, wengine wanapanda basi toka Mwanhuzi kabisa, na kila mmoja anaulizia ile yenye kamera tatu. Kitochi kinashushwa cheo, kinaenda kwa bimkubwa. Ikifika Novemba, shamba linadai mbegu na ndani mahindi yamekata, simu zilezile zinarudi mtaani na kava jipya na kioo kimepasuka kona. "Oya, nipe themanini uchukue. Haina noma yoyote, chaji tu ndiyo haikai sana."

Hilo mimi halinisumbui. Mtu kalima, kapalilia, kapuliza dawa, kaokota pamba mpaka vidole vimechanika. Acha ajaze nyimbo za Budagala kwenye memori kadi, apige selfi juu ya pikipiki ya mshikaji, ale bata lake. Ninachomaindi ni kwamba simu tunainunua kwa jasho, halafu funguo zake tunazigawa bure, tena kiroho safi, na asante juu.

Unabisha? Nenda steshenari yoyote mjini siku ambayo nafasi za kazi za serikali zimetangazwa. Foleni ipo mpaka barazani. Dogo kamaliza chuo mwaka juzi, kashika bahasha ya kaki yenye vyeti, jasho linamtoka. Jamaa wa steshenari hajainua hata macho.

"Barua pepe unayo?"

"Sina, kaka. Nitengenezee tu."

"Paswedi tuweke nini?"

"Weka yoyote utakayoikumbuka."

Umesikia hiyo? Atakayoikumbuka yeye! Jamaa anaandika jina la kwanza la dogo, anagongelea 123 kwa nyuma, kisha anavuta kaunta buku kubwa lenye jalada lililochanika na kuiandika humo kwa kalamu ya bluu: jina, namba ya NIDA, barua pepe, paswedi. Mstari wa juu yake kuna mtu mwingine. Wa juu yake, mwingine tena. Paswedi za Ajira Portal zimo, za kuombea mkopo wa chuo zimo, za TIN zimo. Kwenye kioo cha kompyuta, mafaili ya vyeti vilivyoskaniwa yamejipanga kwa majina, nusu ya mtaa ipo pale. Mteja anayesubiri kutoa kopi ya kitambulisho anasoma kila kitu juu ya bega lako, na wala hajifichi.

Nimlaumu jamaa? Hapana, jamaa ni mtu poa. Siku dogo akiitwa kwenye usaili akiwa shamba huko Itilima, jamaa ndiye atakayeona ujumbe kwenye barua pepe na kumpigia simu. Wapo waliopata kazi kwa sababu ya kaunta buku lile. Ndiyo maana ishu yenyewe ni ngumu. Angekuwa tapeli tungeshamalizana naye zamani. Huyu anakusaidia, anakutoza buku mbili, anabaki na maisha yako kwenye droo isiyo na kufuli. Akifunga biashara akahamia Lamadi, daftari linaenda wapi? Akiajiri kijana mwingine ambaye humjui? Siku ukigombana naye kwa ajili ya demu?

Sheria ipo, na si ya kesho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Kwa jinsi ilivyoandikwa, anayekusanya na kutunza taarifa za watu anatakiwa ajisajili, aseme anazichukua kwa kazi gani, na azilinde. Sasa piga picha ofisa anatoka Dodoma na mkoba wake, anaingia kwenye banda la futi kumi kwa kumi lenye printa moja na mashine ya kopi, anauliza: "Ofisa wako wa ulinzi wa taarifa ni nani?" Jamaa atajibu, "Huyo dogo anayebana karatasi." Wanasheria waliipika vizuri, sema chungu hakijafika huku.

Tukija kwenye mikopo ya simu, hapo ndiyo pana balaa lenyewe.

Kausha damu wa zamani ulikuwa unamjua kwa sura. Anakaa mtaa wa pili, anakuja na daftari na vijana wawili, anabeba godoro au redio, mtaa mzima unaona, na ukiwa na busara unamtuma mzee akaongee naye. Kausha damu wa siku hizi anakaa ndani ya simu, hana sura. Unapakua apu saa nne usiku, mtoto anaumwa au mkeka umechanika (tusidanganyane, mara nyingi ni mkeka), na apu inakuuliza: niruhusu nione majina kwenye simu yako? Ruhusu. Picha? Ruhusu. Meseji? Ruhusu. Mahali ulipo? Ruhusu, ruhusu, leta hela bwana! Umeomba elfu hamsini, imeingia thelathini na kitu, wanasema nyingine ni ada, na baada ya siku saba wanaidai hamsini yao na zaidi.

Siku ya nane wewe umezima simu, unajiona mjanja. Wao wanafungua orodha ya majina uliyowapa. Meseji inaingia kwa bosi wako, kwa fundi aliyekutengenezea pikipiki, kwa mwalimu mkuu wa mtoto: mwambie mtu wako ni tapeli, kala hela zetu, kakuandika wewe kama mdhamini. Halafu inaingia kwa mama mkwe.

Asiyejua Usukuma anaweza kucheka hapo. Huku mkwe huongei naye ovyo. Kuna wanaume wanakatisha shambani ili tu wasikutane naye njiani, na kula naye meza moja ni jambo la kufikiria mara mbili. Sasa huyo mama, na kitochi chake ulichomgawia mwenyewe msimu wa pamba, asiyejua apu ni mdudu gani, anasomewa meseji na mjukuu wa darasa la nne: mkwe wako ni mwizi. Usuluhishi wake hauishii kwenye kulipa deni. Unaweza kukugharimu mbuzi.

Hapo ndipo ninapowavaa wanangu kijiweni, maana hoja yao huwa: "Simu ni yangu, nikiruhusu nimeruhusu, tatizo liko wapi?" Sawa, umeruhusu yako. Mama mkwe nani kamuuliza? Fundi pikipiki kasaini wapi? Namba mia tatu ulizo nazo ni za watu mia tatu waliokuamini, kila mmoja alikupa ya kwake kwa sababu yake. Ulivyobonyeza mara moja umewauza wote kwa elfu thelathini na kitu. Mtu akitoa namba yako kwa demu usiyemtaka unanuna wiki nzima, lakini wewe umegawa kijiji kizima kwa kampuni ambayo hata ofisi yake hujui iko nchi gani.

Benki Kuu iliamka. Agosti 2024 ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza apu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila kibali, ikataka yafungwe. Sitini na tisa! Kijiweni siku ile watu waliisoma orodha kama msimamo wa ligi, kila mtu anaitafuta "timu" yake. Kuna mshikaji alikuta anadaiwa na nne kati ya hizo, akauliza kwa furaha kabisa: "Kwa hiyo deni limekufa?" Hakuna aliyemjibu kwa uhakika. Pia hakuna aliyeuliza swali ambalo mimi lilinikaa kichwani: apu ikifungiwa, majina iliyoyabeba yanarudi lini?

Kwenye laini za simu angalau kuna kitu cha kufanya kwa mkono wako. Unaikumbuka ile patashika ya alama za vidole. Usajili ulianza Mei 2019, mwisho ukawa Desemba 31, Magufuli akaongeza siku ishirini, na kufikia Januari 20, 2020 foleni za NIDA zilikuwa hadithi nyingine. Wazee walilala nje ya ofisi. Ikaja na dili yake: kijana wa mwavuli anakwambia "haijasoma, rudia kidole," unarudia mara tatu, na kumbe kidole cha pili kimesajili laini nyingine ya mtu mwingine kwa jina lako. Laini hiyo ndiyo baadaye inatuma "ile hela itume kwenye namba hii." Piga *106# sasa hivi, uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Meseji ya utapeli ikiingia, ipeleke namba yake 15040. Ni bure, na ni haki ndogo ambayo watu wengi wanaijua lakini hawaitumii, kwa sababu kumtukana tapeli kuna raha yake.

Halafu kuna watu wanasema vijana wa Simiyu hatujali siasa wala haki. Chai hiyo. Gusa bando uone.

Aprili 2, 2021 vifurushi vipya vya simu vilianza, watu wakaamka wakakuta buku inanunua hewa. Nchi iliwaka siku hiyohiyo, mitandaoni na vijiweni, na kabla siku haijaisha utaratibu mpya ukasimamishwa. Siku moja! Na chukua na hii: Naibu Waziri wa Mawasiliano wakati huo alikuwa Mhandisi Kundo Mathew, mbunge wetu wa hapahapa Bariadi. Kwa hiyo sisi tulikuwa na bahati ambayo Mbeya hawakuwa nayo, tunalalamikia bando na naibu wa wizara ni mtu wa nyumbani, salamu za mwadila zinampata hata kupitia kwa shangazi. Julai 15 mwaka huohuo ikaja tozo ya miamala, shilingi kumi mpaka elfu kumi kwa muamala mmoja. Mawakala walikaa vibandani wanapepea inzi. Watu wakarudia kutumiana hela kwa kondakta wa basi, bahasha imegundishwa kwa gundi, jina juu. Septemba tozo ikakatwa asilimia thelathini, na miaka iliyofuata ikaendelea kupunguzwa.

Mimi napenda kuwakumbusha wanangu mambo hayo mawili, kwa sababu yote yalishindwa na kelele za watu wasiojuana. Hakukuwa na kiongozi wala fulana. Kila mtu aliumia mfukoni siku moja, akasema. Ugumu unakuja pale kinachoguswa siyo jero yako. Jukwaa la X lilifungwa Mei 2025, baada ya akaunti ya polisi kuvamiwa, na hapa Bariadi nani alipiga kelele? Wale wachache wa X wakapakua VPN, wakaendelea, huku wakijua kwamba tangu Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, inataka watumiaji wa VPN wajisajili. Waliobaki wakasema, "Mimi WhatsApp yangu ipo." Septemba jukwaa la JamiiForums likasimamishiwa leseni siku tisini. "Mimi WhatsApp yangu ipo."

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na hiyo WhatsApp haikuwepo. Intaneti ilikatwa nchi nzima na ilirudi siku kadhaa baadaye. Sitaki kulifanya jambo hilo liwe la bando, kwa sababu siku zile za machafuko watu walikufa, na anayelia kwa kukosa status wakati mwenzake anatafuta maiti ya ndugu yake hana akili. Ila kuna kitu cha simu ambacho hakipaswi kupita. Mtu mwenye mdogo wake anayesoma Dar au Mwanza alikuwa hana njia ya kuona picha, wala grupu la familia, ni kupiga na kupiga tu mpaka mtu apokee. Na mtandao uliporudi, ulikuja pamoja na meseji za onyo kuhusu kusambaza picha na video. Wana wengi walikaa chini ya mwembe wakifuta vitu kimyakimya kwenye simu zao, walizozinunua kwa pamba yao wenyewe. Hakuna aliyewaambia wafute nini hasa. Walikisia.

Kuna bahati mbaya ya ziada kwa sisi wa mkoa huu: tulikuwa tumeshazoea kufuata siasa zetu kwa klipu. Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa, alivyotolewa bungeni Juni 2024, vikao kumi na tano, kwa lile sakata la sukari, nani hapa alisoma gazeti? Klipu iliingia grupu la bodaboda, ikaingia la kwaya, ikaingia la wanunuzi wa choroko. Mabishano yalikuwa ya hali ya juu, nakuapia, watu walichambua kanuni za Bunge kuliko mawakili. Ukikata waya huo, kinachobaki ni ubuyu.

Sasa kinachonishangaza ni kwamba watu haohao, mafundi wa kuchambua klipu, ukiwaita mkutano wa kijiji hawaji. Kijijini mkutano mkuu unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe, mwananchi aulize. Humo pia unaweza kuulizia ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo ni mikopo isiyo na riba: nne ya vijana, nne ya wanawake, mbili ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Unaelewa maana yake? Dogo anaikimbia hela isiyo na riba ya halmashauri yake mwenyewe, ambayo ina mlolongo, sawa, ina kikundi na katiba na mihuri, anaenda kuruhusu, ruhusu, ruhusu saa nne usiku. Wanasema ile ya halmashauri wanapeana wenyewe kwa wenyewe. Huenda. Utajuaje kama hujaenda kuuliza?

Juzijuzi tulikuwa kwenye mkutano mmoja, kijiji sitakitaja. Karatasi ya mapato ikabandikwa ubaoni, mwandiko mdogo kama wa daktari. Dogo mmoja wa bodaboda akasogea na simu yake, akaipiga picha. Mwenyekiti akang'aka: "Wewe, nani kakuruhusu kupiga picha nyaraka za serikali?" Dogo hakuongea kwa jazba wala nini. "Shikamoo mwenyekiti. Imebandikwa ili tuisome, na mimi nasomea hapa. Naikuza nione." Watu wakacheka, mwenyekiti akatafuta msaada kwa mtendaji, mtendaji akajifanya anasoma kalenda. Picha ikaingia kwenye grupu kabla kikao hakijafungwa, na kufika jioni lilikuwa limeshazuka swali la mifuko ya saruji ya choo cha shule: imeandikwa mingi, imeonekana michache. Siku ya pili mtendaji mwenyewe akajibu kwenye grupu, na risiti juu. Mifuko ilikuwepo, ilihifadhiwa stoo ya shule ya jirani. Jamaa aliyeanzisha maneno akaleft.

Mimi naona hayo ndiyo matumizi makali kuliko yote niliyoyaona ya zile kamera tatu. Wapo wasioyapenda. Kuna mzee mmoja aliyekuwa sungusungu miaka ile ya themanini, alisimama mwisho wa kikao kilekile akiwa na fimbo yake, akatuangalia sisi vijana tuliokaa nyuma.

"Sisi tulikuwa tunaitana kwa yowe, kwa mwano. Ukiusikia usije, tunakutoza. Nyie mnaitana kwenye simu, mnajibu kwa dole gumba."

Dada mmoja wa M-Pesa, aliyekuwa amefunga kibanda chake ili aje, akanyoosha mkono. "Shikamoo babu. Tatizo mkutano mmeuitisha saa tatu asubuhi siku ya mnada. Waliobaki nyumbani ni wagonjwa na kuku."

Ikawa zogo. Wazee wakasema asubuhi ndiyo akili inakuwa safi, wanawake wakasema jioni kuna kupika, wabodaboda wakasema mwisho wa wiki ndiyo abiria wapo. Mwenyekiti akavutwa huku na huku mpaka akatangaza: mkutano ujao Jumapili, saa kumi jioni. Mtu nyuma akauliza kama amecheki ratiba ya Yanga.